Tao la Zambezi Lilivyofungwa Alfajiri

Mto Zambezi unapofika ukingoni mwa Mosi-oa-Tunya, yaani Maporomoko ya Victoria, una upana wa takribani mita 1,700. Mita mia kadhaa chini ya maporomoko, maji hayo yote yamebanwa katika korongo ambalo tao la mita 156 linatosha kulivuka. Ukiziweka tarakimu hizo mbili pamoja utaona kwa nini reli iliyotoka Bulawayo kuelekea kaskazini ilivushwa hapo, mpakani mwa Zambia na Zimbabwe ya leo.

Watu wengi husimulia sababu nyingine: kwamba tajiri Cecil Rhodes, mwenye wazo la reli hiyo, alitaka abiria wa treni wapigwe na manyunyu ya maporomoko wakiwa wamekaa kwenye mabehewa yao. Ni kweli alitaka hivyo, ingawa alifariki mwaka 1902 bila kuyaona maporomoko yenyewe. Lakini treni haibebwi na matakwa ya tajiri. Kilichoibeba ni mwamba wa basalti wa kuta za korongo, mgumu kiasi cha kupokea msukumo mkubwa kutoka pande zote mbili. Penye kuta za namna hiyo, tao ndilo jibu la kwanza linalomjia mhandisi, kwa sababu tao huugeuza uzito kuwa msukumo na kuukabidhi kwa ukuta.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Kutoka reli ilipo hadi maji yalipo ni takribani mita 128, na chini kule mto unazunguka na kuchemka. Mafundi wa madaraja ya mawe walizoea kujenga jukwaa la mbao chini ya tao, wakaliegemeza tao juu yake mpaka likamilike, kisha wakaliondoa. Hapa jukwaa halikuwezekana. Ndiyo maana ninaamini kwamba sifa kubwa ya daraja hili, lililofunguliwa mwaka 1905, ni namna lilivyounganishwa hewani kipande kwa kipande. Umbo lake la mwisho, zuri kama lilivyo, lilitokana na njia hiyo ya kulijenga.

Usanifu ulifanywa na George Andrew Hobson wa kampuni ya Sir Douglas Fox and Partners. Sehemu ya mahesabu ilimwangukia kijana aliyekuwa na miaka ya ishirini na kitu, Ralph Freeman. Vyuma vilitengenezwa na Cleveland Bridge and Engineering Company ya Darlington, Uingereza, vikasafirishwa kwa meli hadi Beira, kisha kwa reli hadi ukingoni mwa korongo. Msimamizi wa kuunganisha alikuwa Mfaransa, Georges Imbault. Majina hayo yanatajwa kila daraja linapozungumziwa. Ya vibarua Waafrika waliofanya kazi juu ya shimo lile hayatajwi, na mimi naliona hilo kuwa pengo katika historia ya kazi hii.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuvusha uzi. Roketi ilirushwa ikiwa na kamba nyembamba. Kamba hiyo ikavuta nyingine nene zaidi, nayo ikavuta waya, mpaka ikapatikana njia ya kamba ya chuma yenye kigari cha umeme kilichoweza kubeba tani 10. Njia hiyo ilikuwa na kazi mbili. Ilipeleka vyuma vya daraja ng'ambo, ili ujenzi uende kutoka kuta zote mbili kwa wakati mmoja. Pia ilivusha mataruma na reli, hata garimoshi dogo lililoitwa Jack Tar, likiwa limefunguliwa vipande vipande, ili ujenzi wa reli ya kaskazini usisubiri daraja. Kwangu mimi huo ni upangaji wa kazi wa hali ya juu: daraja halijakuwapo, na reli ya upande wa pili tayari inasonga mbele.

Sasa tuliangalie tao lenyewe. Ukilitazama kwa ubavu, juu kuna mhimili ulionyooka, chini kuna mhimili uliopinda, na kati yake nguzo za wima na vyuma vya mshazari vinavyogawa nafasi yote kuwa pembetatu. Miguuni, kila upande, tao halikugandishwa ukutani. Limekaa juu ya pini kubwa za chuma zinazolipa nafasi ya kuinuka na kushuka kidogo, kama mlango unavyozunguka kwenye bawaba.

Pembetatu hizo ndizo zilizowezesha kujenga bila jukwaa. Kila nusu ya tao ilianzia ukutani ikatokeza hewani, kipande kimoja baada ya kingine, huku winchi ikitambaa juu ya sehemu iliyokwisha kufungwa ili kuongeza inayofuata. Nusu hiyo peke yake ingeanguka, kwa kuwa mguuni ilikuwa na pini tu. Kwa hiyo mhimili wa juu ulifungwa kamba za chuma zilizorudishwa nyuma na kutiwa nanga katika mwamba. Mguu ukasukuma ukuta, kamba zikavuta nyuma, na nusu tao ikaning'inia juu ya maji.

Gharama ya njia hii ni kwamba kila chuma lazima kikokotolewe mara mbili. Wakati wa ujenzi mhimili wa juu unavutwa kwa nguvu nyingi, na nguvu hiyo inaongezeka kila kipande kipya kinapofungwa. Nusu mbili zikishaungana na kamba kulegezwa, mambo yanabadilika: tao linaanza kusukuma kuta zote mbili, uzito unashuka kupitia mhimili uliopinda, na vyuma vya juu vilivyokuwa vikivutwa vinapumzika au kuanza kubanwa. Mhandisi aliyekokotoa daraja lililokamilika tu angepata mchoro sahihi wa kitu kisichoweza kujengwa.

Siku ya kuunganisha ilifika mwisho wa Machi 1905. Simulizi ya ujenzi inaeleza kwamba tarehe 31, walipojaribu kuingiza kipande cha katikati, nafasi ilikuwa finyu kwa inchi moja na robo, yaani milimita 32 hivi. Hakikulazimishwa. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili, baada ya usiku wa baridi na manyunyu, kipande kiliingia mahali pake.

Kisa hiki husimuliwa kama bahati njema, jambo ninalolipinga. Chuma cha urefu wa mita 100 kikipata joto la nyuzi 10 zaidi hurefuka kwa milimita 12 hivi. Kwa tao la mita 156 hiyo ni karibu milimita 1.9 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Milimita 32 zinahitaji tofauti ya nyuzi 17, na chuma kilichoanikwa juani mchana kutwa, ambacho hupata joto kuliko hewa inayokizunguka, kinaweza kabisa kupoa kiasi hicho hadi alfajiri. Haya ni makadirio, kwa sababu kamba za nyuma nazo hurefuka kwa joto na kuziinamisha nusu zote mbili kuelekea katikati, hivyo kuzidisha ufinyu wa mchana. Pande zote mbili za hesabu zinaelekea kulekule. Wajenzi walijua kwamba saa ya kufunga ni alfajiri. Kilichostahili kushangaza ni usahihi wa vipimo: vyuma vilivyokatwa Darlington, vikaanzia kuta mbili tofauti, vikakutana juu ya Zambezi kwa makosa madogo kuliko mpanuko wa mchana mmoja.

Daraja lilifunguliwa rasmi tarehe 12 Septemba 1905 na Profesa George Darwin, mtoto wa Charles Darwin. Mwaka 1910 reli iliyopita juu yake ilifika Lubumbashi, na makaa ya mawe ya Hwange yakawa yanavuka hapo kwenda kuyeyushia shaba ya Katanga. Mnamo 1930 sakafu ilijengwa upya, ikainuliwa na kupanuliwa ili magari nayo yapite kando ya treni. Tao la chini likaendelea kuubeba mzigo huo mpya.

Freeman hakuiacha njia aliyojifunza pale. Tao la daraja la bandari ya Sydney, linalovuka mita 503, lilijengwa vilevile: nusu mbili zenye pini miguuni, kila moja ikizuiwa na kamba 128 zilizotiwa nanga ndani ya mwamba, zikalegezwa taratibu mpaka nusu hizo zikagusana Agosti 1930. Miaka mitano baadaye tao lake jingine, daraja la Birchenough, lilifunguliwa juu ya mto Save, ndani ya Zimbabwe ya leo, likivuka mita 329.