Kumi Inaacha Baki Gani?

Mwanafunzi wa shule ya msingi hufundishwa kwamba namba inagawanyika kwa 9 iwapo jumla ya tarakimu zake inagawanyika kwa 9. Mara nyingi huipokea kanuni hiyo bila sababu, akaikariri, kisha akaichanganya na ile ya 4. Ni hasara kubwa, kwa maana sababu yenyewe ni fupi, na anayeishika anazipata kanuni nyingine zote bila kuzikariri.

Chukua 5,823: maelfu 5, mamia 8, makumi 2 na mamoja 3. Kila elfu ni 999 na 1 zaidi. Kila mia ni 99 na 1. Kila kumi ni 9 na 1. Zile 999, 99 na 9 zinagawanyika kwa 9 bila shida, basi ziweke kando. Kinachosalia ni ile 1 ya kila fungu: 5 za maelfu, 8 za mamia, 2 za makumi, na mamoja 3 ambayo hayakuguswa. Jumla ni 18. Tunapojumlisha tarakimu, kumbe tunajumlisha mabaki. Hoja hiyohiyo inatosha kwa 3.

Kwa 2 na 5, kumi haiachi baki lolote, ndiyo maana tunaangalia tarakimu ya mwisho tu. Kwa 4 ni mia isiyoacha baki, kwa 8 ni elfu.

Kwa 11, kumi imepungua kwa 1, mia imezidi 99 kwa 1, elfu imepungua tena kwa 1 kufika 1,001. Kwa hiyo tunajumlisha na kutoa kwa zamu kutoka kulia: 91,828 inatoa 8 − 2 + 8 − 1 + 9 = 22, nayo inagawanyika.

Inayowatisha wengi ni 7. Mabaki ya moja, kumi, mia na kuendelea ni 1, 3, 2, 6, 4, 5, kisha yanajirudia. Mfaransa Blaise Pascal, katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1665 baada ya kifo chake, alionyesha njia inayofaa kwa kigawanyo chochote: zidisha kila tarakimu kwa baki la nafasi yake, kisha jumlisha. Kwa 203 tunapata 3×1 + 0×3 + 2×2 = 7.

Iko pia njia ya mkato: ondoa tarakimu ya mwisho, izidishe kwa 2, kisha uitoe kwenye zilizobaki. 20 − 6 = 14, basi 203 inagawanyika. Ulichofanya hasa ni kutoa 21 mara tatu, yaani 63, ukapata 140, ukafuta sifuri. 21 ni kigawe cha 7, na 10 haina kigawo cha shirika na 7 isipokuwa 1, kwa hiyo jibu la ndiyo au hapana halikuharibika. Lakini baki huharibika: 10 ikigawanywa kwa 7 inaacha 3, ilhali mkato unatoa 1. Anayetaka baki arudi kwa Pascal.

Ninayoipenda kuliko zote inatokana na 7 × 11 × 13 = 1,001. Kata namba katika mafungu ya tarakimu tatu, ujumlishe na kutoa kwa zamu. Kwa 438,235 tunapata 438 − 235 = 203: inagawanyika kwa 7, haigawanyiki kwa 11 wala 13. Kutoa mara moja kumejibu maswali matatu.

Kwa 9, kila nafasi ina baki lilelile, hivyo mpangilio wa tarakimu hauonekani: 5,823 na 8,523 ni sawa machoni pake. Mhasibu hunufaika na hilo. Vitabu vikitofautiana kwa 2,700, ambayo inagawanyika kwa 9, kwanza atafute tarakimu zilizobadilishana nafasi. Kipimo cha 11 kingelinasa kosa hilo papo hapo, kwani 5,823 inaacha baki 4 na 8,523 inaacha 9.