Msiba Bila Watani: Tukiitazama The Host Saadani

Lawama kubwa inayotupiwa The Host, filamu ya Bong Joon-ho ya mwaka 2006, ni kwamba haijui inataka nini. Nimeisikia Dar es Salaam kwa marafiki waliosoma fasihi chuoni, wanaojua tanzia inakaa kabati gani na ramsa inakaa kabati gani. Nimeisikia tena kijijini Saadani, kwenye kibanda umiza, kwa watu waliolipa kiingilio chao na wanaodai picha iliyonyooka. Maneno tofauti, kesi moja: mtoto kachukuliwa na dude la mtoni, familia nzima inalia, halafu mwongozaji anatuchekesha. Anatuchukuliaje?

Wengi wetu tuliitafuta filamu hii baada ya Parasite kubeba Oscar ya filamu bora mwaka 2020. Wakorea wenyewe walikuwa wameshaiona zamani. Iliuza tiketi zaidi ya milioni 13 kwao. Stori nitaisema mpaka mwisho, kwa hiyo kama hujaiona na hupendi kuharibiwa utamu, ishia hapa kwanza.

Tupo Seoul, kwenye kambi ya jeshi la Marekani. Bosi Mmarekani wa chumba cha maiti anamwamuru msaidizi wake Mkorea amwage chupa kwa chupa za dawa ya kuhifadhia maiti kwenye sinki, na sinki inakwenda Mto Han. (Hilo halikutungwa lote. Mwaka 2000 kisa cha namna hiyo kilitokea kweli kwenye kambi ya Yongsan na kiliwaudhi sana Wakorea.) Miaka inapita, na mchana kweupe dude linatoka mtoni, samaki mwenye miguu na mkia unaoweza kuning'inia darajani. Gang-du, anayechezwa na Song Kang-ho, anauza vitafunwa ukingoni pamoja na baba yake mzee. Ni mtu wa kusinzia juu ya meza ya biashara, mtu wa kung'oa mguu mmoja wa ngisi wa mteja na kuutafuna. Dude linapovamia, anamshika bintiye Hyun-seo mkono, wanakimbia, wanaanguka, anashika mkono tena, anakimbia. Akigeuka, mkono alioushika ni wa mtoto wa mwenzie. Wa kwake yuko nyuma, na mkia wa dude umeshamzunguka.

Kibanda kilinyamaza. Nilidhani vijana wangelicheka lile dude, maana picha za kompyuta za 2006 zimezeeka na wao wameshaona makubwa zaidi. Hakuna aliyecheka. Mto Wami hauko mbali na pale, una mamba na viboko, na mtu aliyekulia maeneo hayo hahitaji kutafsiriwa habari ya mto kuchukua mtu.

Kisha inakuja sehemu yenyewe. Ukumbi wa maombolezo, ukuta mzima picha za waliokufa. Babu yupo, Gang-du yupo, anafika Nam-joo, shangazi mtu, mrusha mishale, na medali yake ya shaba. Anafika Nam-il, msomi asiye na kazi anayenuka pombe. Wanaanza kulia. Wanashikana, wanapigana mateke, wanaanguka chini wote wanne na kugaagaa kama samaki waliomwagwa kwenye turubali, na wapiga picha wanawamulika. Nusu ya kibanda walicheka, nusu wakasonya. Mama mmoja wa makamo, muuza kamba, akauliza hao watu mbona hawana watani.

Nimekaa na swali hilo kuliko uchambuzi wowote niliousoma kuhusu filamu hii.

Kwa msomaji asiye wa huku: msiba wa pwani bila watani umepungukiwa. Wazaramo na Wanyamwezi wanataniana tangu enzi za misafara iliyokuwa ikishuka kutoka bara hadi Bagamoyo, na kila kabila la ukanda huu lina watani wake. Mtani anaruhusiwa asiyoruhusiwa mtu mwingine. Anaigiza mwendo wa marehemu, anadai deni ambalo hakuwahi kukopesha, anaziba njia ya jeneza mpaka apewe chochote. Nimeshuhudia mtani akivaa kanzu ya marehemu na kukohoa kama yeye. Mjane, ambaye hakuwa amefungua mdomo tangu alfajiri, akacheka, na kicheko ndicho kikamfungulia kilio. Sasa nani atatuambia sisi kwamba kicheko na msiba havikai chumba kimoja? Hiyo ni sheria tuliyofundishwa darasani. Nyumbani hatukuwahi kuwa nayo.

Lakini swali la yule mama ni kali zaidi ya utetezi wangu. Mtani hachekeshi bure. Huyohuyo aliyevaa kanzu ndiye anayechimba kaburi, anayechota maji, anayepasua kuni za kupikia waombolezaji. Ruhusa yake ya kucheka inalipiwa kwa jasho. Mle ukumbini mwa Seoul hakuna mtu wa hivyo. Kuna wenye kamera. Kuna ofisa mwenye vazi la njano la kujikinga na maradhi, anaingia kwa mikogo, anateleza, anaanguka chali, anainuka, anaamuru wafiwa wafungiwe karantini. Wote wamekuja kuchukua kitu. Wafiwa wamegeuka vichekesho vya msiba wao wenyewe, na hakuna aliyeshika jembe.

Hapo ndipo naiona akili ya Bong. Baadaye Hyun-seo anampigia baba yake simu usiku. Yuko hai, ndani ya shimo la maji machafu, simu inakatika. Gang-du anajaribu kuwaeleza wakubwa, kwa mfano wa simu ya askari, hata maneno hayakai sawa mdomoni. Wanamwona kichaa. Huku kwetu serikali ina neno, kifuta machozi, kwa fedha wanayopewa ndugu wa mtu aliyeuawa na mnyamapori. Neno lina huruma. Anayelihitaji lazima kwanza apite kwenye fomu. Gang-du hafiki hata kwenye fomu, kwa sababu msiba wake umeshaandikwa na kufungwa, na mwanawe bado anapumua.

Na sisi watazamaji je? Tulicheka, na jembe hatukushika. Nadhani filamu inajua, maana inatudai. Kuna sehemu babu anawaeleza wanawe wadogo kwa nini Gang-du yuko vile: alikua bila mama, na baba (yaani yeye babu) hayupo nyumbani, mtoto akawa anaiba mashambani apate cha kula na kupigwa akikamatwa. Anawaomba wasimdharau kaka yao. Akiinua macho, wote wamelala. Kibanda kizima kicheko. Muda mfupi tu baadaye dude linarudi kwenye mvua, mzee anachukua bunduki kwa mwanawe akiamini bado ina risasi moja. Gang-du amehesabu vibaya. Mzee anavuta kifyatulio, kimya. Anageuka na kuwapungia mkono: nendeni. Uzembe ni uleule wa mguu wa ngisi, na safari hii umemuua baba. Waliocheka kwa sauti sana ndio walionyamaza sana, nami nilikuwa kwenye kundi hilo.

Sitetei kila kitu. Dhihaka kwa Wamarekani, daktari wao mwenye makengeza na ile gesi ya Agent Yellow, ni nzito mkono. Pale mwongozaji anacheka na wakubwa tu, na kicheko cha aina hiyo hakimgharimu mtu. Hapo nawaunga mkono walalamikaji.

Kwenye mwisho lakini siko nao. Sheria ya kibanda umiza inajulikana: stelingi hafi, sembuse mtoto. Hyun-seo anatolewa kinywani mwa dude amekufa, amemkumbatia Se-joo, kitoto cha mtaani alichokuwa akikilinda mle shimoni. Se-joo yu hai. Kijana mmoja alisema tumeibiwa saa mbili, na nilimwelewa. Marafiki zangu wa Dar nao wanausifu mwisho huo kwa ujasiri wa kuua mtoto, sifa ambayo naiona baridi mno. Wote wanatazama aliyekufa tu. Mimi naukumbuka ule mkono. Mwanzoni Gang-du alishika mkono wa mtoto wa mwenzie kwa makosa na akapoteza wa kwake. Mwishoni anaushika tena mkono wa mtoto asiye wake, na safari hii anajua. Katika Kinjeketile ya Ebrahim Hussein watu wanasubiri ukingoni mpaka maji yanamrudisha yuleyule aliyezama, ingawa si yule tena. Mto Han umechukua mmoja na kurudisha mwingine, na mtu ambaye hakuna aliyemwamini kuangalia hata duka ndiye anayempokea.

Picha ya mwisho ni majira ya baridi, theluji imezunguka kibanda chao cha vitafunwa. Gang-du halali. Bunduki iko karibu na anatazama gizani kuelekea mtoni, mtoto ndiye anayelala. Anamwamsha wale chakula. Runinga inatoa taarifa ya wakubwa kuhusu virusi ambavyo havikuwahi kuwepo. Gang-du anaizima kwa kidole cha mguu, na wanaendelea kula wali.