Shuka kwa Gia Uliyopandia

Kupanda mlima ni kazi ya injini; kushuka ni kazi ya dereva. Kwa sababu hiyo moja naitetea likizo ya kujiendesha, ile ambayo mtu huchukua gari lake au hukodi la watu, akavuka mpaka na kuzifuata barabara za milima na za pwani katika nchi ya wengine bila kuandamana na dereva wa kampuni ya utalii. Likizo hizo siku hizi ni mazungumzo ya kawaida katika mikahawa ya Lavington, Nairobi, na wanaozisifu husifu mandhari: bahari ya Cape Town, ukungu wa Usambara, Ziwa Bunyonyi na visiwa vyake. Sina ugomvi na mandhari. Lakini ziwa halimtofautishi aliyelifikia akishika usukani na aliyeletwa akisinzia kiti cha nyuma, na picha zake zimejaa kwenye simu za watu ambao hawajawahi kufika. Kinachostahili sifa ni ule ufundi ambao mteremko humlazimisha mtu kuujua: kuteremsha tani mbili za chuma pamoja na wanawe ndani, kwa utulivu, bila harufu ya breki kuungua na bila abiria kung'ang'ania mlango.

Mkazi wa Lavington ana kisingizio cha kuupuuza ufundi huu, maana mji haumdai. Barabara ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo, inaishia pale James Gichuru, mlangoni mwa mtaa wake; huko juu kazi ya dereva ni kushika njia yake na kulipa. Chini, kwenye Waiyaki Way na Gitanga Road, anajifunza mambo mengine: kuingiza pua ya gari katika mwanya usiokuwepo, kukisia matatu itasimama wapi, kuvumilia foleni ya Valley Arcade saa kumi na moja jioni. Huo nao ni ujuzi wa kweli, na mgeni angeshuka garini akatembea. Hata hivyo ni ujuzi wa kushindana na watu. Mteremko haushindani na mtu yeyote. Hausikii honi, wala haujali gari lilinunuliwa kwa bei gani.

Sheria za mteremko zinahesabika. Gari la tani mbili likishuka kimo cha mita 500, nishati inayotakiwa kutafutiwa pa kwenda inatosha kuchemsha takriban lita 30 za maji. Dereva anayeshuka kwa breki peke yake hugeuza diski na pedi zake kuwa jiko la maji hayo. Pedi zikipata joto kupita kiasi huanza kuteleza badala ya kushika. La kutisha zaidi ni mafuta ya breki. Yale ya daraja la DOT 4 hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 230 yakiwa mapya, lakini hunyonya unyevu kadiri yanavyokaa, na kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka hutoa mvuke, mvuke hubonyea, na mguu huzama hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake. Injini kwa upande wake inaweza kulizuia gari siku nzima bila kuchoka. Ukiingiza gia ya pili au ya tatu kabla mteremko haujaanza, kisha ukaondoa mguu kwenye mafuta, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini, na injini huyakatalia. Ndiyo maana kanuni ya madereva wa malori ni fupi hivi: shuka kwa gia uliyopandia. Breki hubakiziwa kazi za muda mfupi. Zinakanyagwa kwa uthabiti, mwendo unapungua, zinaachiwa zipoe. Haziegemewi njia nzima kama ukuta.

Nchi yetu ina darasa la somo hili, nalo halipo mbali. Barabara inayoteremka ukingo wa Bonde la Ufa kwenda Mai Mahiu ilichongwa na wafungwa wa kivita wa Kitaliano miaka ya 1940, na kanisa dogo walilolijenga chini ya mteremko lingalipo kando ya lami. Kila siku malori ya kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hushuka hapo yakinguruma kwa gia nzito, na ngurumo hiyo ambayo wenye magari madogo huiona kero ndiyo sauti ya dereva anayejua kazi yake. Wa kuogopwa ni lori linaloshuka kimya. Kwa miaka mingi, hasa kwenye mteremko wa Salgaa, madereva wamelaumiwa kwa kutoa gia na kuliachia lori lijiendee ili kuokoa dizeli. Uchumi huo hauna hesabu. Injini za kisasa, zikiwa ndani ya gia na mguu umetoka kwenye mafuta, hukata mafuta kabisa. Ni nyutro ndiyo inayoendelea kuyanywa. Anayetoa gia anapoteza breki ya injini na senti zake kwa pamoja.

Mtu akishayajua haya, safari ya nje inakuwa ni kuupima ufundi katika lugha ya barabara nyingine. Chukua mfano wa Lushoto, Tanzania, ambao kwangu unaizidi hata Cape Town. Unatoka Nairobi, unavuka Namanga ukiwa na hati za gari na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, unapita Arusha, Moshi na Same, na hadi hapo hakuna ufundi mkubwa zaidi ya kuheshimu kilomita 50 kwa saa katika kila kijiji, kwa kuwa askari wa Tanzania hawana mzaha na kibao hicho. Kisha unafika Mombo. Kutoka hapo barabara inaiacha ile kuu ya Dar es Salaam na kupanda milima ya Usambara kwa kilomita 33 hivi, ikipitia Soni hadi Lushoto, mji ambao Wajerumani waliuita Wilhelmstal walipokuwa wakiitawala nchi. Ni lami, lakini nyembamba. Upande mmoja kuna mwamba, upande mwingine bonde la mto, na kutoka juu yanashuka malori yaliyosheheni kabichi na karoti za kwenda mjini. Hapa honi inarudishiwa heshima yake. Nairobi honi ni tusi. Kwenye kona za Usambara ni salamu, hodi ya anayetaka kuingia mahali asipopaona.

Adabu hiyo ni sehemu ya ufundi wenyewe, nami naihesabu kuwa nusu yake. Barabara za milima za Afrika Mashariki zina lugha yake isiyofundishwa darasani. Matawi mabichi yaliyotupwa kwenye lami yanakuambia kuna lori limekwama mbele ya kona. Lori lililo mbele yako likiwasha indiketa ya kulia na halikati kona popote, dereva wake anakuonya usipite, kuna gari linakuja. Akiwasha ya kushoto, njia ni nyeupe. Mahali pembamba, anayepanda hupishwa, kwa kuwa akisimama ataondoka kwa taabu. Hayo yote ni mawasiliano kati ya watu wasiojuana na ambao hawataonana tena, na yanategemea kila mmoja kuamini kwamba mwenzake hamdanganyi. (Bila shaka hata lugha hiyo isikufanye uache kutumia macho yako.) Aliyezoea kunyang'anyana njia mjini hugundua kwamba mlimani unyang'anyi haulipi, kwani hakuna pa kuingizia pua.

Kwingineko duniani adabu hii imewekwa hata katika sheria. Uswisi basi la posta lina haki ya kupita kwanza kwenye barabara za milimani zilizowekewa kibao chake cha tarumbeta ya njano, na kwenye kona kipofu hupiga honi ya sauti tatu zilizotolewa katika muziki wa Rossini. Ukikutana nalo pembamba, dereva wake ndiye anayekuelekeza urudi nyuma hadi wapi. Hebu fikiria matatu yenye mamlaka hayo. Kwenye njia ya Sani, inayotoka KwaZulu-Natal kupanda Lesotho hadi mita 2,876, anayepanda ndiye mwenye haki, na gari lisilo na nguvu ya magurudumu manne haliruhusiwi kupanda. Oman wamekwenda mbali zaidi: barabara ya Jebel Akhdar ni lami safi na pana, lakini polisi wa Birkat al Mouz, chini ya mlima, humrudisha kila anayekuja na gari lenye nguvu ya magurudumu mawili tu. Kinachohofiwa hapo si kupanda, kwani gari dogo lingefika juu bila shida. Kinachohofiwa ni siku ya kurudi.

Pwani ina fumbo la aina nyingine. Barabara ya Chapman's Peak, karibu na Cape Town, iliyojengwa kati ya 1915 na 1922, ina kilomita tisa na kona 114. Afrika Kusini inaendesha kushoto kama sisi, na tangu Januari 2023 Mkenya huingia huko bila viza kwa hadi siku 90 kwa mwaka, kwa hiyo wengi huanzia huko. Ukitoka Hout Bay kwenda kusini, bahari iko kuliani, nawe umebanana na mwamba. Ukitoka Noordhoek, wewe ndiye uliye upande wa nje, juu ya maji. Mwenye ufundi huchagua upande kabla hajawasha gari: wa mwamba kwa anayejifunza, wa bahari kwa aliyekwisha kutulia. Na Rwanda, ambako vilima havina mwisho, mambo yote hugeuka, kwa maana wao huendesha kulia. Dereva wa Kenya anayevuka Gatuna huketi upande usiofaa wa gari lake, na hawezi kulipita lori bila kuyaazima macho ya abiria wake.

Yapo mapingamizi, na mengine ni mazito. La kwanza ni kifo. Juni 30, 2023, pale makutano ya Londiani, lori lililoshindwa kudhibitiwa liliwaangukia wachuuzi na magari yaliyosimama, na zaidi ya watu 50 wakafa. Nani anaweza kusifu miteremko mbele ya habari kama hiyo? Jibu langu ni kwamba mteremko utaendelea kuwepo na watu wataendelea kuushuka, kwa likizo au kwa biashara. Kinachobadilika ni idadi ya wanaojua kuushuka. Sidai kwamba ufundi humkinga mtu na ujinga wa mwenzake. Lakini ufundi kamili unajumuisha kukataa: kukataa kushuka usiku, kukataa ukungu wa Kinungi, kulala Mombo na kupanda Lushoto asubuhi hata kama chumba cha juu kimeshalipiwa.

Pingamizi la pili linatoka kwa wenye magari mapya, kwamba siku hizi mtambo hushuka wenyewe. Kuna kitufe, kibonyeze, gari litajizuia. Ni kweli, na wengi hawajui kwamba kitufe hicho kwa kawaida huzitumia breki zilezile. Joto halijaondoka, limefichwa tu. Magari ya otomatiki yana gia za kushukia, zimeandikwa L au 2 au M, na yale ya haibridi yana herufi B. Wenye magari wengi wa mitaa yetu hawajawahi kuigusa herufi hiyo tangu siku ya kuyanunua. Wala gari kubwa halihitajiki. Joginder Singh alishinda Safari Rally ya 1965, enzi ambazo mashindano hayo yalipita Kenya, Uganda na Tanzania, kwa Volvo PV544 iliyokuwa imekwisha kutumika na wengine.

Husemwa pia kwamba anayeendesha haoni kitu, macho yako barabarani huku wenzake wanafaidi. Anachokikosa ni picha. Anachokipata ni umbo la nchi: anajua kona iko pale kwa sababu mto ulipita pale, na kwamba kijiji kimekaa kwenye bega la mlima kwa sababu hapo ndipo pekee penye tambarare. Akitaka kutazama atasimama, kama wanavyosimama watu kwenye ukingo wa Bonde la Ufa kununua kofia za manyoya ya kondoo.

Pingamizi lenye haki zaidi ni la riziki. Dereva mwenyeji anaijua njia yake kuliko mgeni yeyote, na kumwacha ni kumnyima kazi. Hili nalikubali kwa sehemu. Sani ikiwa na theluji, mpe mwenyeji usukani bila aibu. Hata hivyo anayejiendesha hununua mafuta Same, hula Mombo, hulala Soni, na fedha zake humwagika njiani mahali ambapo basi la watalii hupita bila kupunguza mwendo. Tena mtu aliyewahi kushuka kwa mikono yake mwenyewe hatabishana bei na dereva wa mlima.

Tatizo letu la kutojua kushuka linaanzia kwenye shule za udereva. Mwanafunzi wa Nairobi hufundishwa juu ya ubao wa mji wa mfano, akisukuma kigari kwenye mizunguko isiyo na mwinuko hata mmoja, kisha huzungushwa mtaani na kupewa leseni itakayomruhusu kushuka popote Afrika Mashariki. Shule hizo ziongeze asubuhi moja ya mteremko kabla ya mtihani, na mzazi wa Lavington anayemlipia mwanawe karo aidai. Visingizio vya umbali havipo: barabara iliyopanuliwa kutoka James Gichuru hadi Rironi ina kilomita 25, na mteremko unaanza mbele kidogo tu ya hapo.