Delfiniamu Huchanua Tena Kutoka Chini

Katika bustani nyingi za nyumbani Uingereza, delfiniamu huchanua mara moja tu, kati ya Juni na Julai, kisha mwenye bustani hubaki na majani yaliyochakaa mpaka baridi iingie. Jirani yake, mwenye aina ileile na udongo uleule, huona masuke mapya ya buluu mwishoni mwa Agosti au Septemba. Ukiwafuatilia wawili hawa utakuta tofauti iko kwenye mkasi: nani alikata wapi, na lini.

Chipukizi la delfiniamu hurefuka, kwa aina ndefu hata kufika mita mbili, na humalizikia kwenye suke la maua. Likishachanua, safari yake imekwisha. Vitawi vya pembeni, chini ya suke kuu, hutoa maua kidogo baadaye, na wapo wanaoyaita hayo mchanuo wa pili. Mimi nayaona kuwa mkia wa mchanuo wa kwanza. Mchanuo wa pili hasa hutoka ardhini, kwenye macho yaliyolala shinani, pale mizizi inapokutana na mabua. Aliyelima migomba anaijua kanuni hii: mkungu ukishakatwa, mgomba ule hauzai tena, atakayezaa ni mtoto wake.

Kazi basi ni kuyaamsha macho yale na kuyalisha. Adui wa kwanza ni mbegu. Maua yakiachwa yafunge mbegu, chakula huelekezwa juu na shina halioni sababu ya kuchipua upya. Kwa hiyo suke hukatwa maua yake mengi yanapofifia, bila kungoja la mwisho kileleni lianguke.

Hapa ndipo wakulima wa bustani wanapogawanyika. Wengine hufyeka bua zima hadi chini siku hiyohiyo. Macho huamka kweli, lakini majani ambayo yangetengeneza chakula yamekwisha kutupwa, na mmea unaishi kwa akiba ya mizizi peke yake. Mmea wenye nguvu hustahimili. Dhaifu hutoa vijiti vyembamba visivyobeba maua ya maana. Napendelea kukata kwa awamu mbili. Kwanza ondoa suke tu, chini kidogo ya ua la mwisho, na majani yote yabaki. Machipukizi mapya yakifika kimo cha kiganja hivi, ndipo bua kuukuu likatwe usawa wa ardhi. Usilisahau, maana lina uwazi ndani: mvua ikituama humo, uozo hushuka hadi shinani.

Siku ya kukata suke ndiyo siku ya kumwagilia kwa wingi na kutandaza mboji kuuzunguka mmea, bila kulifunika shina lenyewe. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani laini yanayoalika ubwiri unga, ugonjwa unaoandama sana majani ya mwisho wa kiangazi. Machipukizi nayo yapunguzwe. Matatu au manne yanatosha kwa awamu hii. Konokono uchi huyapenda mno yakiwa machanga, na usiku mmoja unatosha kuyamaliza. Simika vijiti vya mianzi mapema, kwa sababu bua lenye uwazi huvunjika kwa upepo mdogo tu likishabeba maua.

Si kila mmea wa kusukumwa hivi. Ulioota kutoka mbegu mwaka huu uachwe ujenge mizizi. Aina ya Pacific Giant, iliyokuzwa na Frank Reinelt huko California, ina masuke ya kifahari lakini maisha mafupi. Ukiikamua maua mara mbili kila mwaka, usishangae ikikuaga mapema. Jamii ya Belladonna, yenye masuke mafupi na matawi mengi, hurudia kuchanua kwa hiari zaidi, na ningemshauri anayeanza aanze nayo.

Nyanda zetu za juu si ngeni kwa delfiniamu. *Delphinium leroyi*, yenye maua meupe yanayonukia, humea yenyewe katika milima ya Tanzania, na mashamba ya Kenya hukuza aina za kibiashara kwa soko la maua Ulaya. Bustani ya Limuru au Njombe haina theluji ya kuulaza mmea, hivyo chipukizi jipya halishindani na kalenda kama kule Uingereza. Shida huku ni masika: panga kukata mvua zikishapungua, udongo ukiwa haujajaa maji. Pwani, pamoja na joto lake la usiku, sipashauri kabisa.

Na mabua unayokata yaende kwenye mboji, wala yasichanganywe na majani ya kulishia ng'ombe zizini. Mmea mzima una sumu, na katika malisho ya magharibi mwa Marekani delfiniamu za mwituni ni miongoni mwa mimea inayoua ng'ombe wengi.