Karte ya kredi si mufuko wako

Wandugu, shauri tunalisikia kila mara: «Ukienda kusoma Kampala, usibebe feza, beba tu Visa.» Ni nusu ya ukweli. Visa ni jina la njia feza inapitia. Halituambii kama ni feza yako ao deni. Karte ya konti inatoa makuta uliyoweka mwenyewe. Karte ya kredi inakukopesha.

Wanaoitetea wanasema ukilipa deni lote kwa wakati, hakuna riba. Kwa kununua dukani, sawa. Lakini ukitoa feza mukononi kwenye mashini, kwa kawaida riba inaanza siku ile ile. Ni kama mulimaji anayeanza kulipa mbegu ya mukopo mbele ya kupanda.

Tuhesabu. Tuseme umetoa dola 200: banki yako inakata 4%, mashini ya kule dola 4. Jumla dola 12, riba bado. Mara 4 kwa mwezi ni dola 48. Kwa mwanafunzi, hicho ni chakula.

Tena mashini inauliza: dola ao shilingi? Wengi wanabonyeza dola juu ndiyo wamezoea. Bonyeza shilingi. Ukichagua dola, upande wa mashini njo unapanga bei ya kubadilisha, na mara nyingi ni mbaya.

Kwa hiyo, karte ya kredi ibakie ya shida kubwa, sawa ugonjwa. Mbele ya kupanda basi, uliza banki: ni feza yangu ao mukopo? Munakata ngapi inje ya inchi? Riba inaanza lini? Wakishindwa kukuandikia majibu, usisaini.