Swali la Nne

Ukiyasoma kwenye karatasi, maswali ya kupima upungufu wa chakula hayatishi. Katika siku saba zilizopita, ni siku ngapi mlikosa chakula cha kutosha au pesa za kukinunua, hata mkalazimika kula chakula cha bei nafuu au msichokipenda? Kuazima chakula au kutegemea jamaa? Kupunguza kiasi cha kupakua? Watu wazima kujinyima ili watoto wadogo wale? Kupunguza idadi ya milo? Matano tu. Asili yake ni utafiti wa Daniel Maxwell, uliochapishwa mwaka 1996 kutokana na kazi aliyoifanya Kampala: badala ya kumuuliza mtu kama ana njaa, muulize anafanya nini anapokosa. Leo Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame, NDMA, hutumia kipimo hicho katika taarifa zake za kaunti kame, Isiolo ikiwemo.

Hesabu yake mwanafunzi wa darasa la sita anaiweza. Kila swali lina uzito wake: la kwanza 1, la pili 2, la tatu 1, la nne 3, la tano 1. Zidisha siku kwa uzito, kisha jumlisha. Tuseme mama mmoja wa Biliqo, kule upande wa Merti, anajibu siku 4, 2, 3, 1 na 5. Unapata 4 na 4 na 3 na 3 na 5, jumla 19. Kuanzia 19 kaya huhesabiwa kuwa kwenye hali ya mgogoro wa chakula. Kati ya 4 na 18 ni shinikizo tu. Sasa mfanye mama huyo akane ile siku moja aliyojinyima. Anabaki na 16. Hajashiba zaidi ya alivyokuwa, lakini kwenye taarifa amehamia kundi jingine.

Ndiyo maana ukitaka kumjua karani hodari wa kukusanya majibu haya, msikilize anapofika swali la nne.

Karani asiye fundi huuliza huku ameinamia simu, anapata "hapana", anabonyeza sifuri na kusonga mbele. Fundi ameshaona kwamba mama mkwe ameketi karibu na mzee wa boma amesimama mlangoni. Nani atasema mbele yao kwamba nyumba yake ilikosa? Kwa hiyo kazi yake ilianza zamani, kwenye salamu. Wenyeji wa Biliqo ni Waborana, na kwao salamu ni safari ndefu ya nagaa: amani ya watu, ya mifugo, ya malisho, ya mvua. Anayeikata salamu amejikatia majibu. Fundi huipitia yote, kisha kwa adabu anaomba nafasi ya kuongea na mama peke yake. Swali analisoma kama lilivyoandikwa, hata neno haongezi, kwa sababu kaya ya mia moja lazima isikie alichosikia mama wa kwanza. Halafu ananyamaza. Wengi hatuwezi kuvumilia kimya kile, tunakijaza kwa "ama hakuna, sivyo?" na hapo jibu limekuwa letu.

Anaruhusiwa kudodosa, ila kwa maneno yasiyoelekea upande wowote. "Tukumbuke pamoja tangu Ijumaa iliyopita" ni halali: siku ya sala ya jamaa hushika kumbukumbu kuliko "wiki moja". "Kwani hukulala njaa hata siku moja?" ni haramu. Na mwezi wa Ramadhani ukiingia, kipande kile cha "mlikosa chakula au pesa" kinageuka kuwa roho ya swali zima, maana aliyefunga hakupunguza mlo kwa ukata. Nimeona watu wakikiruka kwa haraka. Hawajui wamechanganya ibada na njaa katika safu moja ya takwimu.

Aibu huvuta jibu chini, lakini kuna kinachovuta juu. Mgeni mwenye simu na orodha ya majina hufanana sana na mgawaji wa msaada, na ni nani atakayejitoa kwenye orodha? Hapa ndipo takwimu inapodai heshima yake. Makosa ya bahati nasibu, huyu kasahau siku, yule kaongeza, hufutana kadiri kaya zinavyoongezeka. Makosa yanayoelemea upande mmoja hayafutani kamwe. Ukiuliza kaya 30 kwa namna iliyopinda utapata jibu lililopinda. Ukiuliza 3,000 utapata lilelile lililopinda, ila sasa una uhakika nalo. Dawa yake haiko kwenye kompyuta ya Nairobi. Iko kwa karani anayeeleza mapema, bila kupamba, kwamba kujibu hakumwandikishi mtu posho na kukataa hakumwondolei haki.

Maelezo hayo Biliqo si ya kupitiwa haraka. Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Isiolo iliamua kwamba hifadhi ya Biliqo Bulesa ilianzishwa kinyume cha katiba, baada ya wananchi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Mtu wa huko akikuuliza karatasi yako inakwenda wapi, anauliza kama mtu aliyefika kortini.

Halafu kuna walioko mbali. Waborana hugawa mifugo: wa maziwa hubaki karibu na nyumba, na wengine huenda fora, malisho ya mbali, pamoja na vijana. Ukifika mchana wa kiangazi na kuhesabu unaowaona, utapata kijiji cha wazee, akina mama na watoto. Je, kijana wa fora ni wa kaya hii? Kanuni ya kula chungu kimoja husaidia, ila lazima itumike vilevile boma hadi boma, vinginevyo watu wazima waliojinyima wataongezeka au kupungua kwa sababu ya karani wala si ya ukame.

Jioni msimamizi hupitia majibu, naye ana jicho lake. Kaya halisi hazifanani. Karani ambaye nyumba zake zote zina 0 au 7, au zina namba moja kwenye maswali yote matano, amejijibia mwenyewe chini ya mti. Msimamizi huchagua nyumba chache kwa kura, anazirudia mwenyewe kesho yake na kuuliza maswali machache yaleyale, kisha analinganisha. Majibu yakitofautiana sana, kazi ya siku nzima inarudiwa, na mafuta ya pikipiki yanatoka tena.