Kurejea Filamu Duni za Utotoni: Uhakiki wa Kejeli, Kumbukumbu na Sauti ya Mtafsiri

1.0 Utangulizi

Watu wengi waliokua mbele ya deki za video katika miaka ya 1980 na 1990 huzirejea ukubwani filamu walizozitazama utotoni, zikiwamo zile ambazo wahakiki hawakuzipa thamani yoyote. Marejeo hayo huanza na kumbukumbu pungufu: sura ya stelingi, pigano moja, rangi ya vazi la adui, au kisa ambacho jina la filamu yake limesahaulika. Anayerejea huutafuta mkanda, huutazama upya, kisha hufikia mojawapo ya hukumu mbili. Ya kwanza ni kwamba filamu ilikuwa mbovu tangu mwanzo, ila mtoto hakuwa na uwezo wa kulibaini hilo. Ya pili ni kwamba filamu haina lolote kati ya yale anayoyakumbuka, hivyo kumbukumbu imemdanganya.

Sehemu hii inahakiki hukumu hizo mbili. Hoja inayojengwa ni kwamba zote zimesimama juu ya dhana moja isiyosemwa wazi, yaani kwamba kazi iliyotazamwa zamani na kazi inayotazamwa leo ni kazi ileile. Dhana hiyo inakubalika kwa baadhi ya filamu na hadhira. Haikubaliki kwa mtoto aliyekaa katika kibanda umiza cha Tanzania, au katika ukumbi wa video wa Uganda, akitazama picha zilizotengenezwa na mtu mmoja huku akisikia masimulizi ya mtu mwingine. Kwa hadhira hiyo, kinachotazamwa upya leo ni sehemu tu ya kilichotazamwa wakati ule.

Uhakiki unaongozwa na Nadharia ya Upokezi, hususani dhana ya upeo wa matarajio ya Hans Robert Jauss na dhana ya mapengo ya Wolfgang Iser. Pale nadharia hiyo inapopungukiwa, msaada unatafutwa katika mihimili ya fasihi simulizi: fanani, hadhira na tukio la uwasilishaji.

2.0 Kurejea kwa Kejeli: Mfano wa Troll 2

Troll 2 (1990), iliyoongozwa na Mwitaliano Claudio Fragasso, ni mfano unaofahamika sana wa filamu duni iliyopata uhai wa pili. Ilipigwa katika jimbo la Utah, Marekani, kwa kutumia waigizaji ambao wengi hawakuwa na uzoefu. Baba wa familia inayosimuliwa aliigizwa na George Hardy, ambaye kazi yake ilikuwa udaktari wa meno. Filamu haina uhusiano wa kisa na Troll ya mwaka 1986, wala viumbe wake hawaitwi kwa jina lililo katika anwani. Jina lilibandikwa kwa ajili ya soko. Mazungumzo yake yanasikika kama Kiingereza cha mtu anayekisoma kutoka kwenye karatasi, na mwongozaji alishikilia kwamba yatamkwe kama yalivyoandikwa.

Waliokuwa watoto ilipotoka waliirejea wakiwa watu wazima, wakaijaza kumbi za sinema kwa vicheko. Michael Stephenson, aliyeigiza mtoto katika filamu hiyo, alikuja kutengeneza filamu ya hali halisi kuhusu jambo hilo, Best Worst Movie (2009). Tukio lenye uzito mkubwa kihakiki ndani yake ni pale Fragasso anapohudhuria onesho na kushangaa kwamba hadhira inacheka hata mahali ambapo yeye hakukusudia kuchekesha. Hapo panaonekana waziwazi pengo kati ya dhamira ya mtunzi na upeo wa matarajio wa hadhira. Mtoto aliingia akitarajia kutishwa, akatishwa. Mtu mzima anaingia akitarajia kucheka, anacheka. Mkanda wenyewe haujabadilika hata kidogo.

Jeffrey Sconce, katika makala yake ya mwaka 1995, alionesha kuwa utazamaji wa namna hii ni aina ya upinzani dhidi ya vigezo vya ubora vilivyowekwa na taasisi za sanaa. Maelezo hayo yana mashiko, lakini yana sharti lake: anayecheka awe na hakika kwamba kasoro anayoicheka imo ndani ya filamu. Kwa Troll 2 hakika hiyo ipo. Sharti hilo linapaswa kuwekwa akilini, kwa kuwa ndilo litakalokosekana katika mfano wa tatu.

3.0 Kurejea Kisichokuwapo: Mfano wa Kazaam

Mfano wa pili ni wa hukumu ya kumbukumbu danganyifu. Watazamaji wengi wa Marekani wamedai kukumbuka filamu ya watoto ya miaka ya 1990 iitwayo Shazaam, ambamo mchekeshaji Sinbad aliigiza jini. Filamu hiyo haikuwahi kutengenezwa, na Sinbad mwenyewe amekana kushiriki. Iliyokuwapo ni Kazaam (1996) ya Paul Michael Glaser, ambamo mchezaji wa mpira wa kikapu Shaquille O'Neal anaigiza jini anayetoka ndani ya redio. Ni filamu iliyopokewa vibaya na wahakiki, na hapana shaka udhaifu wake umechangia kusahaulika kwa sehemu zake nyingi.

Namna kumbukumbu hiyo ilivyojengeka haihitaji miujiza. Jina la Sinbad linabeba tayari baharia wa Alfu Lela Ulela, vilemba na majini, na matamshi ya Kazaam na Shazaam yanakaribiana. Frederic Bartlett alikwisha kuonesha mwaka 1932 kwamba mtu anapokumbuka kisa hakitoi ghalani kikiwa kizima, bali hukijenga upya. Waingereza aliowasomesha hekaya ya Wahindi Wekundu waliisimulia baadaye wakiwa wameifupisha, na yaliyokuwa mageni kwao wakayageuza kuwa ya kawaida. Kwa mfano, mitumbwi ikawa mashua.

Kwa hiyo hukumu ya pili nayo ina msingi. Hata hivyo, uhalali wake unategemea uthibitisho mmoja: kwamba hapakuwa na toleo lolote lenye yale yanayokumbukwa. Kwa Shazaam uthibitisho huo unapatikana, kwa sababu filamu za Marekani za kipindi hicho zimeorodheshwa na zinaweza kukaguliwa. Mahali ambapo toleo lililotazamwa halikuorodheshwa popote, mhakiki hana haki ya kuitamka hukumu hiyo kabla ya uchunguzi.

4.0 Kurejea Kilichosimuliwa: Kibanda Umiza na Mtafsiri

4.1 Mtafsiri kama Fanani

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa watoto wengi wa mijini, filamu ilikuwa jambo la kibanda umiza: chumba cha mabenchi, televisheni moja, deki moja na kiingilio kidogo. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, Kihindi au Kichina. Katika mazingira hayo ilikua sanaa ya kutafsiri filamu, ambayo mwakilishi wake anayejulikana zaidi ni Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Uganda ilikuza sanaa iyo hiyo kwa Kiganda, na watendaji wake wanajulikana kama mavijei.

Neno "kutafsiri" lisimpotoshe msomaji. Mtafsiri wa kibandani hatoi neno kwa neno. Anasema juu ya sauti ya wahusika, anaeleza mila asizozijua mtazamaji, anatabiri, anaonya, anakejeli, na anamwazima stelingi mawazo ambayo mwandishi wa muswada hakumpa. Matthias Krings, aliyeichunguza sanaa hii nchini Tanzania, aliipa makala yake ya mwaka 2012 jina linaloifananisha na kugeuza wali kuwa pilau. Tashbihi hiyo inafaa kuliko istilahi nyingi za taaluma ya tafsiri. Aliyekula pilau utotoni, akirudi ukubwani na kupewa wali mweupe, hawezi kuambiwa kwamba ulimi wake ndio uliokosea.

Hapa ugunduzi wa Bartlett unapata sura mpya. Kazi ambayo kumbukumbu huifanya kimya ndani ya mtu, yaani kugeuza kigeni kiwe cha kawaida, mtafsiri aliifanya kwa sauti mbele ya watu. Hivyo, mtu mzima wa Dar es Salaam anapokumbuka kwamba adui katika filamu ya mapigano alitoa kauli yenye methali ya Kiswahili, saikolojia peke yake haiwezi kuamua chanzo cha kumbukumbu hiyo. Huenda aliibuni mwenyewe. Huenda pia aliisikia kweli, siku ile, kutoka katika kipaza sauti. Mkanda safi wa Kiingereza hauwezi kuwa shahidi katika shauri hili, kwa kuwa haukuwapo kibandani peke yake.

4.2 Mapengo ya American Ninja

Inafaa kuuliza kwa nini filamu zinazohesabiwa kuwa duni ziliwafaa watafsiri. American Ninja (1985), iliyoongozwa na Sam Firstenberg kwa kampuni ya Cannon, inatoa jibu. Kisa chake kiko Ufilipino, katika kambi ya jeshi la Marekani ambayo silaha zake zinaibwa na kundi la maninja. Stelingi, Joe Armstrong, ni askari asiyeyakumbuka maisha yake ya awali, na Michael Dudikoff anamwigiza kwa maneno machache na uso usiobadilika sana. Maninja wanafanya mazoezi wakiwa na mavazi ya rangi mbalimbali kama wachezaji wa timu, na ninja mkuu anatumia silaha ya miale iliyofungwa mkononi.

Kwa vigezo vya uhakiki wa filamu, hizo ni kasoro: mhusika mkuu hana undani, usuli wake umefichwa kwa hila rahisi ya usahaulifu, na uhalisi umevunjwa. Kwa istilahi ya Iser, hayo ni mapengo. Tofauti ni kwamba Iser alimfikiria msomaji mmoja anayeyajaza kimyakimya, ilhali kibandani mapengo yalijazwa na fanani kwa niaba ya wote. Stelingi asiyesema sana humwachia fanani nafasi ya kumsemea. Filamu iliyosukwa kwa mazungumzo mazito humbana, kwa sababu kila sekunde ina neno linalodai tafsiri. Inafuata kwamba udhaifu wa maandishi unaweza kuwa nguvu ya uwasilishaji, na kwamba sifa iyo hiyo inayoishusha filamu mbele ya mtazamaji wa leo ndiyo iliyoipandisha mbele ya mtoto wa wakati ule.

4.3 Ushahidi wa Who Killed Captain Alex?

Filamu ya Uganda Who Killed Captain Alex? (2010) ya Isaac Nabwana inalithibitisha jambo hili kwa namna ya pekee. Ilitengenezwa Wakaliga, Kampala, kwa gharama ndogo mno, na watazamaji wa nje waliipokea kwanza kama filamu mbaya inayochekesha. Ilichukuliwa, kwa maneno mengine, kuwa Troll 2 ya Afrika. Lakini toleo lililosalia ni lile lenye sauti ya VJ Emmie. Toleo lisilo na sauti yake limepotea, kwa kuwa Nabwana alilazimika kuzifuta filamu zake katika kompyuta ili apate nafasi ya kutengeneza nyingine.

Kwa hiyo mtazamaji wa New York na mtazamaji wa Wakaliga hawana budi kuitazama filamu hii pamoja na fanani wake. Mizaha inayochekwa imewekwa kwa makusudi na msimulizi anayejua anachokifanya, na kicheko chake si kile kilichomshangaza Fragasso. Kwa filamu hii bahati mbaya ya uhifadhi ilibakiza pilau na kupoteza wali. Kwa filamu nyingi za vibandani imekuwa kinyume: wali unapatikana kila mahali kwa picha angavu, na pilau imo katika mikanda inayooza.

5.0 Pingamizi

Hoja hii inaweza kupingwa kwa njia mbili. Kwanza, inaweza kusemwa kwamba inawatukuza watafsiri kupita kiasi. Pingamizi hili lina ukweli. Si kila mtafsiri alikuwa fanani bora. Mtafsiri aliweza kukosea kisa, au kuongeza dhihaka dhidi ya wanawake isiyokuwamo katika filamu. Lakini kusema kwamba uwasilishaji ulikuwa mbaya ni tayari kukubali kwamba ulikuwapo na unastahili kuhakikiwa.

Pili, inaweza kudaiwa kwamba utamu unaokumbukwa ni wa utoto wenyewe: marafiki, giza la chumba, kiingilio kilichopatikana kwa shida. Hilo nalo ni kweli, na fasihi simulizi haijawahi kulikana, kwa kuwa tukio la uwasilishaji huhesabiwa humo kuwa sehemu ya kazi. Hakuna mhakiki anayeipima ngano kwa muhtasari wake ulioandikwa daftarini, kisha akamlaumu aliyeisikia jioni kwa bibi yake kwamba aliipenda bure.

6.0 Hitimisho

Uhakiki huu umeonesha kuwa kurejea filamu duni za utotoni si jambo moja. Anayeirejea Troll 2 hukuta filamu ileile kwa upeo mwingine wa matarajio. Anayeitafuta Shazaam hutafuta kisichokuwapo. Anayeirejea filamu ya kibanda umiza hutafuta kilichokuwapo lakini hakimo katika mkanda anaopewa. Kumweka huyu wa tatu katika fungu la wa kwanza ni kumwambia kwamba alikuwa mjinga, na kumweka katika fungu la wa pili ni kumwambia kwamba anaota. Hukumu zote mbili zinaifuta kazi ya fanani wa Kiswahili kwa kutumia ushahidi wa mkanda ambao yeye hakuugusa.

Kutokana na hayo, swali la kwanza la mhakiki anapokutana na kumbukumbu ya namna hii linapaswa kuwa: ni toleo lipi lililotazamwa, na nani alilisimulia? Aidha, mikanda iliyotafsiriwa inapaswa kukusanywa na kunukuliwa kama zinavyonukuliwa ngano na tenzi, wakati walioisikia wangali hai na mikanda yenyewe ingali inazunguka. Bila mikanda hiyo, madai ya watazamaji hao hayawezi kuthibitishwa wala kukanushwa, na hukumu ya ubovu itaendelea kutolewa juu ya nusu ya kazi.